Notisi za Mkufunzi

Chuo cha ualimu alikofundisha baba kimeniandikia barua. Wamejenga ukumbi mpya wa kusomea na wanataka kuuita kwa jina lake. Wameambatanisha maneno yatakayoandikwa kwenye kibao chini ya picha yake, nami, nikiwa mtoto wake wa pekee, nimeombwa niyasome, nirekebishe palipo na kosa, kisha nitie sahihi. Maneno yenyewe ni mazuri. Yanasema alifundisha Historia na Siasa kwa muda mrefu kuliko mkufunzi mwingine yeyote wa chuo hicho, kwamba hakuwahi kuchelewa kipindi, na kwamba somo la Siasa lilipoondolewa mashuleni alizichoma notisi zake zote kwa mkono wake mwenyewe, kuliko kuziona zikidharauliwa.

Barua hiyo imelala kwenye droo yangu wiki tatu sasa. Mimi ni karani wa masjala hapa Mbinga, barua ndiyo kazi yangu, na sijawahi kushindwa kujibu barua ya mtu. Hii imenishinda. Juzi paa la masjala lilivuja, mafaili ya rafu ya chini yakalowa, na asubuhi nilipofungua mlango harufu ya karatasi mbichi ikanipokea. Wenzangu waliziba pua wakacheka. Mimi nilikaa juu ya boksi, wakaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Baba alipozikwa mwaka jana sikulia pia, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza. Nilikuwa nimekauka tu, kama nilivyokauka sasa ninapoandika haya, na sina hakika kama hali hiyo ilianza msibani au ilianza zamani zaidi, nikiwa darasa la nne.

Tulirudi kijijini kwa baba, huku milimani Umatengo, mwaka aliostaafu. Chuo kilikuwa mbali, siku mbili barabarani, na mimi nilizaliwa huko huko kwenye nyumba za walimu, kwa hiyo nyumbani palikuwa pageni kwangu. Palikuwa pageni kwa mama pia, maana yeye ni mtu wa ziwani, wa Ngumbo, aliyezoea kuona maji kila akifungua mlango. Watu wa ukoo walikuwa wamesikia miaka yote kwamba ndugu yao ni Mkufunzi, wakajipanga barabarani kulipokea lori. Sanduku la bati la baba lilibebwa na wanaume wanne, wakinong'onezana kwamba Mkufunzi amekuja na mashine ya kusaga. Baba Mkubwa, kaka yake baba na mkuu wa ukoo wetu, alipolifunua akakuta karatasi mpaka juu. Alizitazama, akafunika taratibu, akasema, "Haya, mashine hii haili dizeli." Watu walicheka, na baba akacheka nao.

Zile zilikuwa notisi zake. Aliziandika kwa mkono, kwa wino wa bluu, na pembeni kwa wino mwekundu alijiandikia maswali ya kuwauliza wanafunzi. Kila mada ilikuwa na fungu lake lililofungwa kwa kamba ya katani. Miaka yake ya mwanzo vitabu vilikuwa haba, naye akawa anazunguka mwenyewe, likizo hadi likizo, akiwauliza wazee wa huku na huko habari za vita, za njaa, za safari na za mashamba, akiandika walivyosema. Nusu ya notisi zile ilitoka midomoni mwa watu waliokwisha kufa. Hata baada ya kustaafu, kila asubuhi alitoa fungu moja akakaa nalo barazani kama mtu anayesubiri kengele ya kipindi.

"Unajiandaa kumfundisha nani?" mama alikuwa akimwuliza.

"Najikumbusha tu."

Mimi sikuruhusiwa kuzigusa nikiwa nimetoka kula. Siku moja baba aliniambia kwamba nyumba ikishika moto nimtoe mama kwanza, halafu sanduku. Nikamwuliza, na mimi je? "Wewe una miguu," alisema, akaendelea kusoma.

Ilikuwa miaka ile ya kufunguliwa kwa kila kitu. Vigari vya wanunuzi binafsi wa kahawa vilikuja mpaka pembeni mwa mashamba, wakati kabla ya hapo kahawa ilikuwa na mlango mmoja tu, wa ushirika. Siku ya gulio mitumba ilimwagwa chini marundo kwa marundo, na kina mama wa Misa ya kwanza wakaanza kuvaa makoti yenye vifungo vya dhahabu. Vilabuni watu walibishana kuhusu vyama vingi. Na siku moja redio ikasema kwamba somo la Siasa halitafundishwa tena. Baba hakuizima redio. Aliipunguza sauti tu, akaendelea kumenya muwa wake.

Kesho yake Baba Mkubwa alipita kumtania mdogo wake, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Sasa Mkufunzi, yale uliyowafundisha watu miaka yote hiyo, leo wanasema hayafai."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na wale uliowafelisha kwa mambo hayo hayo? Utawaambia nini wakija?"

"Hawaji, kaka."

"Watakuja tu," alisema Baba Mkubwa.

Wao walicheka. Mimi nilikuwa nafua soksi zangu za shule pale pembeni, na sikucheka.

Hapa lazima nieleze sengu, maana kosa langu lilitokea huko. Kwetu Wamatengo sengu ni banda la mkuu wa ukoo, lililo wazi upande wa mbele. Wanaume wa ukoo walikula pale pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake, na baada ya kula ndipo mambo yaliposemwa: nani amelima mpaka wa mwenzake, nani amempiga mkewe, nani hajulikani ataoa lini. Sisi watoto tulipeleka maji ya kunawa na kusikia kila kitu. Wiki chache kabla ya haya ninayoyasimulia, binamu yangu mmoja aliketishwa katikati kwa sababu alimuuzia mtu wa kigari kahawa ya baba yake iliyokuwa ya kwenda ushirika. Akakana. Watu wakasimama mmoja mmoja wakaeleza walichokiona, naye akaendelea kukana, na nikaona wazee wanaanza kumwamini. Kisha ikatolewa karatasi ya mauzo yenye sahihi yake. Binamu alinyamaza hapo hapo, akatozwa mbuzi. Mimi nilirudi nyumbani na ndoo yangu nikiwaza kuhusu ile karatasi.

Barua ya Mwalimu Kasian ililetwa na mtu wa baiskeli siku ya Jumatatu. Kasian alikuwa amesoma kwa baba zamani, na wakati huo alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Mbinga mjini. Baba aliisoma barua akiwa amesimama, akaiacha mezani, na alipotoka nami nikaisoma. Ilikuwa fupi na kavu, kama wanavyoandika watu wa ofisi. Ilisema kwamba yeye na wenzake, wanafunzi wa miaka mbalimbali, watafika Jumamosi kuhusu mambo waliyofundishwa na Mkufunzi. Kwamba wanaomba kukutana naye sengu, mbele ya wazee wa ukoo. Na kwamba wanaomba notisi zote ziwepo.

Niliisoma mara tatu. Nilipomwuliza mama wageni hao wanakuja kufanya nini, alisema, "Mambo ya baba yako ya chuo." Baba mwenyewe hakuwa na uso wa mtu anayetembelewa. Alikaa barazani bila fungu lolote mkononi, na akanyoa ndevu siku isiyo ya Misa. Leo najua kwamba alikuwa anaona haya kufurahi. Wakati ule niliona mtu anayesubiri kesi, na kwa kuwa nilijua jinsi kesi zinavyokwenda sengu, nilijua pia kitakachomfunga. Maneno angeweza kuyakana. Karatasi zilikuwa zimejaa sanduku zima, na mwandiko ulikuwa wake.

Wiki ile tulikuwa kwenye ngolo, mashimo ya kilimo cha Wamatengo. Wanaume wanafyeka nyasi kwa nyengo, aina ya mundu, na kuzilaza mistari kwa mistari, mpaka mteremko wote unakuwa miraba. Nyasi zikinyauka, wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kutupa udongo juu ya zile nyasi, wanapanda maharage juu ya matuta, na shimo linabaki katikati la kuzuia maji ya mvua. Nyasi zinaozea chini ya udongo. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba kilichofukiwa kwenye ngolo msimu wa maharage, wakati wa kupanda mahindi ukifika hakipo tena. Wanaume walikuwa wamekwisha kulaza nyasi, na wanawake walikuwa waanze kufukia Alhamisi.

Jumatano nilisema tumbo linauma, nikabaki nyumbani. Baba alikuwa amekwenda misheni na mama alikuwa mtoni. Nilizikata kamba za katani kwa kisu cha jikoni, nikazibeba notisi kwenye kapu la magimbi, nikaweka majani juu, nikapanda nalo shambani. Nilikwenda safari saba. Niliinua nyasi mstari kwa mstari, nikatandaza karatasi chini yake, maandishi yakitazama chini ili asiyasome mtu hata akifunua, kisha nikazirudisha nyasi kama zilivyokuwa. Ndani ya sanduku niliacha vitabu viwili vikubwa ili lisisikike tupu likisogezwa. Nataka niseme wazi kwamba nilikuwa na furaha. Nilitoka jasho, nilijikata kidole, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, kwa sababu nilikuwa namwokoa baba yangu na hakuna aliyenituma.

Alhamisi wanawake walikuja na majembe, mama akiwa mmoja wao, wakafukia mteremko wote mpaka chini. Ijumaa ilinyesha mvua kutwa nzima.

Jumamosi walifika watu kumi na wawili kwa lori la misheni, wanaume wamevaa makoti, wanawake wamevaa vitenge vipya. Baba alikalishwa katikati ya sengu, pale pale alipokaa binamu. Mimi nilikaa na watoto wenzangu karibu na mtungi wa maji. Wageni wale walisimama wote kwa pamoja wakasema, "Shikamoo, Mkufunzi," na baba akajibu, "Marahaba, kaeni," nao wakakaa kwa pamoja, watu wazima wenye mvi.

"Tumekaa," alisema Baba Mkubwa. "Mwenye neno aseme."

Mwalimu Kasian ndiye aliyesimama kwanza. "Mwaka wangu wa kwanza, Mkufunzi huyu alinitoa nje ya darasa mbele ya wenzangu. Aliniuliza jina la mama anayetupikia. Sikulijua. Nilikuwa nimekula chakula chake miezi minne. Akaniambia, nenda, utarudi kwenye Historia ukishajua historia ya uji ulioamkia. Nilishinda jikoni siku nzima."

Baba Mkubwa akamgeukia baba. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

Akasimama mwalimu mmoja mwanamke, mnene, mwenye miwani. "Mimi alinipa sifuri. Niliandika jibu neno kwa neno kama alivyolisema mwenyewe darasani, hata nukta sikukosea. Akanipa sifuri. Nikaenda kulia ofisini kwake. Akasema, hayo ni ya kwangu, nimeshayasoma, lete ya kwako."

"Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema baba. "Na alilia sana."

Watu wakacheka, na mimi nikaona wanamcheka. Kila aliyesimama alikuwa na lake: huyu alinyang'anywa daftari, yule alirudishiwa insha mara tano. Baba alikubali moja baada ya jingine, hakukana hata moja, nami kila alipokubali nilijiambia kwamba si kitu, maana karatasi hawatazipata.

Kisha yule mwanamke mwenye miwani akatoa blanketi zito kwenye mfuko, akamfunika nalo baba mabegani, na wenzake wakapiga vigelegele. Ikaletwa redio mpya. Ikaletwa saa ya ukutani. Baba alikuwa anacheka huku anafuta macho, na Baba Mkubwa, ambaye sikuwahi kumwona akimpongeza mtu, alikuwa anapiga makofi. Hakuna kesi inayoishia na blanketi. Nilielewa hapo, mara moja, na ubaridi ukanipanda kuanzia miguuni, ulipofika kifuani ukakaa.

"Mkufunzi, hizo si zawadi," alisema Kasian vigelegele vilipotulia. "Zawadi yenyewe ni hii. Tumeongea na wachapaji wa misheni, wamekubali. Somo limeondolewa, sawa, lakini yale mambo uliyoyaokota kwa wazee hatutayapata kwingine. Tunataka yawe kitabu, chenye jina lako juu. Lori hili tumekuja nalo kwa ajili ya sanduku lako."

Baba aliinamisha kichwa. Halafu akasema, "Ngojeni." Kasian alitaka kumsindikiza, akakataa. Alitoka na blanketi lake mabegani, akitembea haraka kama kijana, nami nikamfuata kwa nyuma.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku. Aliinua kitabu cha kwanza, akainua cha pili, akapapasa bati kwa chini. Kisha akageuka, na mimi nilikuwa mlangoni. Sijui aliona nini usoni mwangu. Nimejiambia miaka yote kwamba nilikuwa tayari kusema na ni yeye aliyewahi kuinuka. Si kweli, sikuwa tayari. Baba alifunika sanduku. Aliponipita mlangoni aliniwekea mkono kichwani kidogo, kama mtu anayeshika mhimili asijikwae, akarudi sengu.

"Nisameheni," aliwaambia. "Hazipo. Nilizichoma."

"Zote, Mkufunzi?" aliuliza Kasian.

"Zote."

"Lini?"

"Somo lilipoondolewa."

Yule mwanamke mwenye miwani alikaa chini polepole. Baba Mkubwa alikuwa anamtazama ndugu yake kwa makini. "Ulichoma?" alisema. "Mimi sikuona moshi."

"Hukuwepo, kaka."

Chakula kikaletwa, wakala, maana chakula kilikuwa kimeshapikwa. Walipoondoka, Kasian alimpa baba mikono yote miwili lakini hakumtazama usoni. Kabla mwezi haujaisha Mbinga yote ilikuwa na habari. Wengine walisema Mkufunzi ana majivuno, kawatupia wanafunzi wake kazi ya maisha yake kama majivu. Wengine walisema ni mtu wa msimamo. Hao wa msimamo ndio habari yao iliyofika chuoni, ikakaa huko miaka yote, na sasa imepata kibao.

Mimi sikusema. Mwanzoni niliogopa kiboko, ingawa baba hakuwahi kunichapa. Baadaye nikawa na sababu nyingine, ambayo niliiona nzuri zaidi: baba alikuwa ametamka mbele ya ukoo wote na wageni kwamba alichoma, kwa hiyo nikisema ukweli nitakuwa nimemfanya mwongo. Niliamini kwamba alisema vile kwa aibu ya kutojua notisi zake zimekwenda wapi, na kwamba ananitegemea nisimuumbue. Nililibeba jambo hilo kama siri yetu wawili ambayo mmoja wetu haijui. Ukisikia mtu anasema maharage ya mwaka ule yalistawi kuliko mengine, usimwamini. Yalikuwa maharage ya kawaida.

Tulipokwisha kuvuna, baba alinunua kaunta buku. Saa kumi, nikishatoka shule na kula, aliniita barazani.

"Kaa hapa. Mkono wangu siku hizi unatetemeka. Mimi nitasema, wewe andika."

Mkono wake ulikuwa hautetemeki. Alijinyoa mwenyewe bila kujikata. Sikujiuliza, nikakaa nikaandika. Alikuwa anajaribu kuzirudisha notisi kutoka kichwani, na alisema polepole mno, akinyamaza katikati ya sentensi kwa muda wa mtu kwenda kisimani na kurudi.

"Hapo palikuwa na maneno ya mzee mmoja wa Liparamba," alisema siku moja. "Alinisimulia walivyojificha wakati wa vita, na walichokula. Alisemaje yule mzee?"

"Sijui, Baba."

"Hujui."

"Sijui."

Alinitazama. "Haya. Acha mistari mitano wazi."

Ikawa hivyo miezi kadhaa. Tuliandika kidogo, tukaacha mistari mitano wazi, tukaandika tena. Wakati mwingine aliacha kabisa kutamka akaniuliza habari za shule, kama kuna kitu kinanisumbua, kama kuna jambo ninalotaka kumwuliza. Nilisema hapana. Mkono uliniuma kwa kuandika, na niliwasikia wenzangu wakicheza rede uwanjani. Wakati wa kupanda mahindi ulipofika tulikuwa ukurasa wa arobaini, na nusu ya kurasa ilikuwa mistari mitupu. Baba alilichukua daftari, akalifunga.

"Basi, inatosha. Nenda kacheze."

Nilikimbia. Nilicheza rede mpaka nikaitwa kuoga. Baba hakuniandikisha tena, na hakuzungumza Historia na mtu yeyote, hata redio ilipotaja mambo aliyoyajua kuliko mtangazaji. Alijifunza kulaza nyasi za ngolo, na alizilaza vibaya. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nilimtunza alipozeeka, tukazungumza kuhusu mvua na kahawa na dawa zake, na hatukugombana hata mara moja.

Jumamosi iliyopita niliteremka ziwani na barua ya chuo mkobani. Mama amerudi kwao Ngumbo tangu tulipomzika baba. Nilimkuta ameanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye vichanja, anawageuza kwa mikono na kutoa mchanga. Nilikaa karibu naye nikamsomea barua yote.

"Rudia hapo pa kuchoma," alisema.

Nikarudia.

"Baba yako hakuchoma kitu."

Nilimwuliza amejuaje.

"Siku ile ile nilimwambia hukuchoma, mimi nimeona karatasi chini ya nyasi tulipokuwa tunafukia. Nilidhani ni yeye amezitupa, nikafukia. Si unamjua baba yako, huwezi kumwuliza kila kitu. Akaniambia, si mimi, ni mtoto. Nikasimama nikuite. Akanikataza. Akasema, mwache, atasema mwenyewe."

Mama aligeuza kichanja kizima kabla hajaendelea.

"Kisha akasema mtoto hawezi kusema jambo kubwa hivyo akiwa anapitapita. Lazima awe amekaa. Ndipo akanunua lile daftari."

"Siku zote zile?"

"Siku zote zile. Mimi nilikuwa jikoni, kila ukifunga daftari nasikiliza kama leo umesema. Hakuwa anazitaka tena zile karatasi. Alijua zimeoza. Alikuwa anakutaka wewe useme. Halafu akachoka."

Nilikunja barua. Nilimwambia mama kwamba nitawaandikia chuo wauondoe ule mstari, na nitawaeleza ni kwa nini. Akasema niwaandikie. Watu walikuwa wanavuta wavu upande wa pili wa mawe, na mtoto wa jirani alikuja kuomba kiberiti akapewa akaondoka.

"Mama," nikasema, "notisi za baba nilizitoa mimi. Nilidhani wanakuja kumhukumu."

Sauti yangu ilitoka kama ninavyosoma namba za mafaili. Nina umri wa kuwa bibi wa mtu, na nilikuwa sijawahi kumwambia yeyote maneno hayo.

"Najua, mwanangu," alisema mama, mikono yake ikiwa ndani ya usipa. "Lakini aliyekuwa anasubiri si mimi."